Shajara ya mradi: kozi ya kompyuta kwa njia ya mtandao katika chuo chetu

12 Agosti 2024: Kabla ya kuanza

Naandika tangu siku ya kwanza ili mkufunzi mwenzangu atakayetaka kufanya kazi hii asianze gizani. Nitaongeza kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na makosa.

Chuo chetu kipo nje kidogo ya mji wa Njombe. Tunafundisha uhasibu, ununuzi na ugavi, na maendeleo ya jamii, ngazi ya cheti na stashahada. Mwaka wa kwanza tunapokea wanafunzi kama 120. Maabara ina kompyuta 22, zinazowaka ni 14. Somo la kompyuta lina vipindi viwili kwa wiki, na wanafunzi wanakaa watatu watatu kwenye mashine moja. Mmoja anashika kipanya, wawili wanatazama. Anayeshika kipanya ni yule aliyewahi kugusa kompyuta kabla ya kuja chuoni, kwa hiyo anayejua anazidi kujua na asiyejua anabaki mtazamaji hadi mwisho wa muhula. Hili limeniuma kwa miaka minne. Wazo langu ni kuhamishia maelezo yote kwenye simu zao, ili muda wa maabara uwe wa kushika tu.

Wiki iliyopita niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa pili swali moja: tangu uje chuoni, umelipa hela gani steshenari, na kwa kazi ipi? Majibu yalifanana sana. Kuskani vyeti na kuviunganisha kuwa PDF moja. Kupunguza ukubwa wa faili kwa sababu mfumo umeikataa. Kufunguliwa barua pepe. Kujaziwa maombi ya mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kuwekewa taarifa kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini. Kuchapiwa barua na wasifu. Kijana mmoja wa uhasibu alipiga hesabu mbele yangu akafika shilingi 46,000. Kijana huyohuyo alipata B+ kwenye somo langu.

Nimeibandika orodha hiyo ukutani, juu ya meza yangu.

26 Agosti 2024: Mtaala wa kwanza nimeutupa

Nilikuwa nimekwisha kuandika mada mbili. Ya kwanza ilikuwa historia ya kompyuta na vizazi vyake, ya pili sehemu za kompyuta na kazi zake, kama tulivyofundishwa sisi na kama vitabu vyote vinavyoanza. Niliwapa wanafunzi sita wazisome kwenye simu. Watano hawakufika mwisho wa mada ya kwanza. Wa sita alifika, nikamuuliza amepata nini, akasema, "Mwalimu, nimejua kwamba zamani zilikuwa kubwa."

Mada zote mbili zimetoka. Katika historia nimebakiza ukurasa mmoja, na huo nimeuanzia kwetu: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mwaka 2009 mkonga wa intaneti wa SEACOM ukafika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Kati ya miaka hiyo miwili wamo wazazi wao, na wengine wanakumbuka.

Mpangilio mpya nimeuchota kwenye ile orodha ya ukutani. Sehemu ni nane: akaunti, nenosiri na barua pepe, faili na folda, barua na wasifu, kuskani na PDF, lahajedwali (jedwali la hesabu kama la Excel), kutafuta taarifa na kuzipima, usalama na utapeli, na mwisho mwanafunzi anaandaa maombi kamili ya kazi au mkopo kwa mikono yake, kuanzia karatasi hadi kutuma.

Suala la lugha lilinichukua siku mbili nzima. Mitihani yetu ni ya Kiingereza na vitufe vya kwenye skrini ni vya Kiingereza, lakini maelezo ya Kiingereza wanayakariri bila kuyaelewa. Nimeamua maelezo yote yawe Kiswahili, na jina la kitufe liandikwe kama linavyoonekana kwenye skrini, likiwa na picha yake pembeni. Kwa istilahi, kigezo changu kimoja tu: neno likisemwa maabara, mkono unakwenda mahali sahihi? Kipanya, faili, kivinjari, nenosiri, pakua na pakia vimepita. Nilijaribu "tarakilishi", wakanitazama. Tumebaki na kompyuta. "Kabrasha" ni neno zuri na nimelieleza mara moja, lakini wanasema folda, nami nasema folda. Nawaheshimu sana waliotutangulia katika kazi hii. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Kiswahili tangu 2004, na maneno mengi tunayoyasema bila kufikiri tumeyapata kwenye kazi za aina hiyo.

14 Septemba 2024: Seva na Moodle

Nitapita haraka, maana maelekezo ya kusimika Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, yapo tele. Nimechukua toleo la 4.4 kwa sababu ni bure, linaruhusu mwanafunzi kupakua somo kwenye programu yake ya simu na kulisoma bila mtandao, na kozi nzima unaweza kuifungasha kuwa faili moja ukampa mwenzako. Seva ya kukodi, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, yenye kumbukumbu ya GB 2 ni kama shilingi 33,000 kwa mwezi. Jina la tovuti limetoka chini ya jina la chuo, halina gharama.

Makosa mawili ya kuepuka. La kwanza, PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa kwayo, huja ikiwa imezuia kupakia faili lililozidi MB 2. Nilihangaika jioni nzima nikidhani mtandao ni mbovu. La pili, sikuwasha kazi ya ratiba, ile inayotakiwa kujiendesha kila dakika. Bila hiyo tovuti inafunguka vizuri kabisa, ila taarifa hazimfikii mtu na hakuna kinachokuonyesha kwamba kuna tatizo. Niligundua baada ya siku nne.

5 Oktoba 2024: Video

Nilirekodi somo la kwanza kwa bidii: dakika 24, skrini nzima ya kompyuta yangu, picha safi. Faili likawa MB 380. Nikajisifu usiku huo. Asubuhi nikampa binti mmoja wa mwaka wa pili ajaribu. Alilitazama dakika tatu akazima. Nilipomuuliza, alinionyesha simu. Kwanza, bando lake la siku lilikuwa MB 500 na nilikuwa nalimaliza mimi peke yangu. Pili, kompyuta ya upana wote ikibanwa kwenye simu, maandishi ya menyu yanakuwa madogo kama chawa. Alikuwa haoni hata kishale kilipo.

Nilivyorekebisha:

Video ni kwa kitendo tu, yaani pale ambapo mkono unasogea. Kukokota faili, kuchagua seli, kusogeza skrini. Hazizidi dakika nne. Kabla ya kurekodi nakuza maandishi ya kompyuta hadi asilimia 150, na narekodi robo ya skrini inayohusika, si skrini nzima. Nikishusha ubora wa picha hadi 480p, video ya dakika nne inabaki karibu MB 9.

Maelezo mengine yote ni maandishi, picha tuli na sauti. Sauti ya chaneli moja kwa kilobiti 64 inakula kama MB 2.4 kwa dakika tano, na wanaisikiliza wakiwa wanapika. Kipaza sauti cha kubana shatini nilinunua 28,000. Rekodi za mwanzo nilizifanyia ofisini, mvua ikawa inapiga bati. Sasa narekodi chumbani, nimejifunika blanketi.

Sehemu nzima, pamoja na video zake, haizidi MB 30. Kikomo hicho nimekiandika kwenye ile orodha ya ukutani na sitakivuka.

28 Oktoba 2024: Akaunti 118

Wamefika 118. Nilidhani kazi hii ni ya saa moja, imekula wiki.

Namba za usajili zetu zina mikwaju, mfano NJ/0041/24. Moodle haikubali mkwaju kwenye jina la mtumiaji, wala herufi kubwa. Nikabadilisha zote kuwa nj-0041-24. Hilo lilikuwa jepesi.

Nenosiri la kuanzia nikaweka namba ya simu ya mwanafunzi. Nikapakia orodha, nikatangaza, na ndani ya nusu saa foleni ikawa mlangoni: "Mwalimu, inanikataa." Mmoja baada ya mwingine, namba ni yake, ameiandika sawa. Nilifungua orodha yangu na kuitazama kwa muda kabla sijaona. Excel ilikuwa imezichukua namba za simu kama hesabu za kawaida, na hesabu haianzi na sifuri. 0754 ilikuwa imegeuka 754 kwa watu wote 118. Dawa yake ni kuichagua safu nzima na kuiwekea muundo wa maandishi kabla ya kubandika namba. Ukishabandika umechelewa, sifuri imekwenda.

Niliwaambia waingie bila sifuri, wakaingia. Kesho yake wawili wakakuta akaunti zao zimeshafunguliwa na nenosiri limebadilishwa. Bila shaka: namba ya simu ya mwanafunzi inajulikana na darasa zima, ipo kwenye kundi la WhatsApp. Ninafundisha usalama, na somo la kwanza nimewapa ufunguo ambao kila mtu anao. Nilifuta yote nikatengeneza upya: maneno mawili ya Kiswahili na tarakimu, kama kisima-ndizi-47, yamechapwa kwenye vikaratasi, kila mtu anasaini anapochukua chake, na mfumo unamlazimisha kubadilisha akiingia mara ya kwanza. Katika masharti ya Moodle niliondoa lazima ya herufi kubwa, nikaongeza urefu hadi herufi 10. Hakuna aliyekwama.

Barua pepe ilikuwa habari nyingine. Wenye anwani walikuwa 63. Kati yao, 27 hawakuwa na nenosiri lake, na sababu ilikuwa ileile: alifunguliwa steshenari, nenosiri likabaki na kijana wa steshenari. Tulitumia vipindi viwili vya maabara, kila mtu afungue yake kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nimepanga nusu kipindi. Ukinakili kozi hii, panga viwili.

11 Novemba 2024: Saa mbili usiku

Jaribio la kwanza nililitangaza ubaoni: litafunguliwa saa 2:00 usiku, litafungwa saa 4:00 usiku. Kwenye mfumo nikaweka 8:00 PM hadi 10:00 PM.

Saa nane mchana simu yangu ikaanza kulia. "Mwalimu shikamoo, mtihani umefungwa." Walikuwa 30 na kitu. Walikuwa wamefungua mfumo, wakaona 8, wakasoma saa nane. Nikawaeleza, wakangoja usiku. Saa mbili usiku ikafika, na mfumo ukaendelea kuwaambia jaribio halijafunguliwa, litafunguliwa 8:00 PM, wakati huo simu zao zinaonyesha 20:00 kamili. Nilifungua mwenyewe nikaona vilevile. Seva yangu ilikuwa bado kwenye saa za UTC, saa ya kimataifa, saa tatu nyuma yetu. Saa yake ya 8:00 PM kwetu ni saa tano usiku. Waliokuwa wamenunua bando la saa moja lilikuwa linaisha mikononi mwao.

Nilibadilisha majira ya seva kuwa Africa/Dar_es_Salaam, na hapo jaribio likajiandika 11:00 PM, kwa sababu muda uliokwisha kuhifadhiwa hausogei, unaosogea ni jinsi unavyoonyeshwa. Ikabidi kurekebisha pia muda wa jaribio lenyewe. Nililiahirisha hadi Jumamosi.

Tangu siku hiyo kila tangazo linaandikwa hivi: "saa 2:00 usiku, simu itaandika 20:00". Mfumo nimeuweka kwenye saa 24, AM na PM hazionekani tena popote. Na majaribio yanakaa wazi siku mbili, si saa mbili. Nilikuwa nimeweka saa mbili kwa kuogopa kuigizana, lakini umeme wetu na bando zao haviruhusu, na hofu yangu ilikuwa inawaumiza wasio na kosa.

2 Desemba 2024: 5,000/=

Sehemu ya tano, lahajedwali. Zoezi ni daftari la VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana: majina kumi ya wanachama, hisa walizonunua kila wiki, jumla ya kila mtu na jumla ya kikundi. Nililichagua kwa sababu wengi wamewaona mama zao wakifanya hesabu hii kwa kalamu, na mtu akipunjwa anajua.

Kazi zilipoingia, 41 zilikuwa na jumla sifuri. Fomula ni sahihi, safu ni sahihi, majibu 0 kuanzia juu hadi chini. Nilimwita binti mmoja maabara anionyeshe anavyoandika. Alikuwa makini sana. Akaenda kwenye seli, akaandika 5, akaweka mkato, akaandika sifuri tatu, akaongeza mkwaju na alama ya sawasawa. 5,000/=. Mwandiko wa bei kama tunavyouandika dukani, sokoni, kwenye risiti, tangu darasa la kwanza. Programu ikiona /= inachukulia kuwa ni maneno, na maneno hayajumlishwi. Ndiyo maana namba yake ilikuwa imeegemea kushoto mwa seli badala ya kulia.

Binti yule hakukosea. Alikuwa ameandika fedha kama inavyoandikwa hapa, na mimi ndiye sikuwa nimeliona hilo nilipokuwa naandaa somo. Nimeongeza ukurasa wenye picha mbili tu: 5,000/= imeegemea kushoto, 5000 imeegemea kulia, na chini yake sentensi moja: namba ikiegemea kushoto, kompyuta imeisoma kama neno. Kisha namna ya kuweka alama ya shilingi kwa kupangilia seli, si kwa kuiandika. Zoezi la marudio, jumla sifuri zilibaki mbili.

Hapo ndipo waliponielewa pia kwenye sehemu ya barua. Anwani ya mwandishi walikuwa wanaisukuma kulia kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini, ukibadilisha ukubwa wa herufi barua inasambaratika. Nikawaonyesha kitufe kinachofichua alama zilizojificha, vile vidoti vikajitokeza mstari mzima, wakacheka. Kwenye kozi nimekileta kitufe hicho mwanzo kabisa wa sehemu ya tatu.

14 Desemba 2024: Niliwashutumu bure

Hili naliandika kwa uzito wake. Nilipokuwa nasahihisha wasifu, niliangalia sifa za mafaili. Mafaili 31 yalikuwa na jina moja la mwandishi. Nikaingia darasani nikasema mbele ya wote kwamba watu 31 wamenakili kazi ya mtu mmoja, na kwamba watapata sifuri.

Kiongozi wa darasa alinifuata ofisini baadaye, kwa adabu, akasimama mlangoni hadi nilipomkaribisha. Akaniambia jina lile ni la mwenzao mwenye kompyuta mpakato, ndiyo pekee bwenini. Wamepanga zamu, kila mtu dakika arobaini, hadi usiku wa manane. Nikayafungua tena mafaili, nikayasoma yaliyomo badala ya sifa zake. Kila wasifu ulikuwa wa mtu wake: shule zake, wadhamini wake, makosa yake ya tahajia. Jina linalohifadhiwa kwenye faili ni la mwenye kompyuta, si la aliyechapa. Mimi mkufunzi wa kompyuta ninalijua hilo vizuri, na bado nilikimbilia kuhukumu.

Niliomba radhi darasani, palepale nilipowashutumu. Kisha niliandika ombi la fedha. Kompyuta sita za maabara zilikuwa zimekufa diski. Chuo kimekubali kununua diski za SSD sita kwa 45,000 kila moja. Sasa zinazowaka ni 20, na maabara inabaki wazi hadi saa tatu usiku, wanafunzi wenyewe wakiisimamia kwa zamu waliyoipanga. Zamu ile walikuwa nayo tayari.

20 Januari 2025: Usalama

Sehemu ya saba imekwenda bila shida, nadhani kwa sababu haikuhitaji kuelezwa kwa mbali. Nilianza na ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameupata: ile hela tuma kwenye namba hii. Wakaleta ya kwao, tukaichambua mmoja mmoja: nani anaongea, anaharakisha nini, anataka ufanye nini kabla hujafikiri. Kisha tukapeleka maswali hayohayo kwenye barua pepe za ajira za uongo. Nimeweka pia ukurasa mfupi juu ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kuhusu flashi: kirusi kile kinachoficha mafaili na kuacha njia za mkato kimetuandama mwezi mzima. Mwanafunzi anaona folda zake zimetoweka, anaifomati flashi, na hapo ndipo anapoyapoteza kweli. Mafaili yapo, yamefichwa tu. Maelekezo ya kuyafichua sasa yapo sehemu ya pili, kwa herufi nzito: usifomati kwanza.

15 Februari 2025: Hesabu, na kilichobaki

Miezi sita ya seva ni 198,000. Diski 270,000. Kipaza sauti 28,000. Flashi nane za kusambazia masomo kwa wasio na simu janja, 96,000. Bando la kupakia masomo, 90,000. Jumla 682,000. Chuo kimelipa seva na diski, 214,000 zimetoka mfukoni mwangu. Muda sikuupigia hesabu, ila sehemu moja nzuri inanichukua jioni sita hadi nane.

Wanafunzi 118 walianza, 103 wamefika sehemu ya nane, 96 wamekamilisha maombi yao. Ambao hawakufika, kumi na wawili ni wale waliokuwa wanategemea flashi. Flashi haitoshi, lazima nitafute njia nyingine kwa ajili yao muhula ujao.

Na kuna jambo nililolikosa kabisa. Mwanafunzi mmoja wa maendeleo ya jamii ana uoni hafifu. Alikuwa anasoma kwa kuileta simu karibu na pua, hakusema, nami sikuuliza. Wiki iliyopita tumemwekea NVDA kwenye kompyuta ya kona, ni programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, na sauti yake ya eSpeak inajua Kiswahili. Alivaa spika za masikioni, akafungua sehemu ya kwanza. Maandishi yakasomeka. Ilipofika kwenye picha za vitufe, ikawa inasema "picha", "picha", "picha", kwa sababu hakuna hata moja niliyoiandikia maelezo. Zipo picha 214 kwenye kozi. Nimeanza na sehemu ya kwanza, leo nimemaliza 38, naye anazipitia nyuma yangu na kuniambia maelezo gani hayamfikishi popote.